Yoti ndogo ya mashindano na ya safari za familia: ipi inafaa maji ya Unguja na Pemba?

Mpenda Tanga (Unguja mjini):

Assalaam alaykum, mabaharia, mafundi na wapenzi wote wa tanga.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa mjini, mzaliwa wa Mkokotoni, na tanga nililijua katika ngalawa ya baba mkubwa kabla sijajua kupanda baiskeli. Mimi na binamu zangu wawili tumekuwa tukidunduliza kwa miaka minne, na sasa tunazo fedha za kununua yoti ndogo iliyokwisha kutumika, ya urefu wa baina ya mita 7 na 8. Najua kwamba njia mbili zilimshinda fisi, lakini hatuna uwezo wa kununua vyombo viwili. Tunataka hicho kimoja kiweze kuingia mashindanoni bila ya kututia aibu, na likizo za skuli ziwadiapo kiweze kumchukua mke wangu na watoto wetu wawili hadi Tumbatu, na Mungu akipenda hadi Misali na Fundo, tukilala humo humo chomboni usiku mmoja au miwili.

Tumeletewa habari za vyombo vitatu. Cha kwanza ni J/24, kiko Mombasa. Cha pili ni Folkboat ya mbao iliyoko Dar es Salaam, ambayo mwenyewe anahama nchi. Cha tatu ni Westerly Centaur yenye mikuku miwili (mapezi mazito yaliyo chini ya tumbo la chombo), iko mji wa Tanga. Bei zake hazipishani sana, kwa hiyo fedha si jambo litakalotuamulia. Binamu yangu mkubwa ameng'ang'ania J/24 na hataki kusikia jingine. Mke wangu aliangalia picha za zote tatu, akauliza mtoto atalala wapi na chai itapikwa wapi, na mpaka leo hatujampa jawabu.

Naomba mnisaidie kuchagua, na mnieleze tuangalie nini kabla ya kutoa fedha. Tunakusudia kukiweka chombo mbele ya Mtoni, ambapo maji yakipwa hubaki mchanga na matope mwendo mrefu kutoka pwani.

Fundi wa Faiba (Nungwi):

Wa alaykum salaam, Maalim. Nitaanza na maumbile ya vyombo, kwa sababu mwendo na utulivu wa chombo hutokana na uzito, farumi (uzito unaotiwa chini ili chombo kisilale) na upana wake, na jina peke yake halikuambii lolote.

J/24 ina urefu wa mita 7.32 na upana wa mita 2.71. Uzito wake ni kilo 1,400 hivi, na farumi yake ya mkukuni ni kilo 430, yaani chini kidogo ya thuluthi ya uzito wote. Folkboat ina urefu wa mita 7.68 na upana wa mita 2.20 tu, uzito wake ni kilo 1,930, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni chuma kilichomo mkukuni. Sasa tazama ajabu yake: matanga ya vyombo hivi viwili ni takriban mita za mraba 24 kila kimoja, na vyote viwili huzama majini kiasi cha mita 1.2. Tanga ni moja na kina ni kimoja, lakini tabia ni mbali kabisa, kwa sababu Folkboat huinuliwa na farumi yake, ilhali J/24 husimama kwa upana wake na kwa uzito wa watu waliomo. Kanuni za mashindano yake zinaruhusu mabaharia ambao uzito wao wote pamoja hauzidi kilo 400, na kwa kawaida huwa ni watu watano waliopangana ukingoni upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, kama vile vijana wetu wanavyopanda juu ya mrengu wa ngalawa upepo unapozidi. Siku ya familia hutakuwa na watu watano. Utakuwa na mkeo na watoto wawili, na itakubidi upunguze tanga mapema sana, au chombo kikulalie na watoto wasitake tena kusikia habari ya bahari.

Huko si kuitukana J/24. Ilichorwa na Mmarekani Rod Johnstone, naye akaijenga ya kwanza katika gereji ya nyumbani kwake. Ilianza kutoka kiwandani mwaka 1977, na tangu hapo zimejengwa zaidi ya 5,000. Habari hiyo ya gereji huwa naipenda, maana sisi huku tunajenga ufukweni chini ya mkungu, na wapo wanaodhani kwamba chombo kizuri hakitoki ila kiwandani.

Folkboat ni mkubwa wao kwa umri. Ilipatikana Sweden mwaka 1942, baada ya shindano la michoro kukosa mshindi, ndipo Tord Sundén akachora chombo kimoja kwa kuunganisha yaliyo mazuri katika michoro iliyoletwa. Ni chombo cha heshima, lakini hiyo ya Dar es Salaam ni ya mbao, na mbao zake hupandana moja juu ya nyingine kama makuti ya paa. Katika maji yetu ya vuguvugu mbao ikiachwa bila ya kuangaliwa, wadudu wa baharini huitoboa kwa ndani ikawa kama sega la nyuki, na nje usione kitu. Mashua zetu tunazipweleza, tunalipitisha tumbo juu ya moto wa makuti makavu, kisha tunapaka deheni. Folkboat yenye mbao nyembamba na rangi ya bei kubwa hutathubutu kuipitisha motoni. Kwa mtu mwenye vipindi vya kusomesha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mimi nasema asiingie huko.

Mkienda kuiangalia J/24, chukueni bisibisi yenye mpini mzito. Sitaha yake na ubavu wake ni faiba mbili zilizobana katikati mti mwepesi wa balsa, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, balsa hiyo huoza kimya kimya. Gongeni kwa mpini polepole, kuanzia penye mguu wa mlingoti mpaka kila mahali kwenye sitaha palipofungwa chuma. Pakavu hulia *ko, ko* kama nazi kavu. Palipoingia maji hulia *bu*, na mpini haurudi mkononi. Mkisikia *bu* eneo la kiganja, hilo ni jambo la kupatana bei, lakini mkilisikia kuanzia mlingotini hadi tezi, yaani nyuma kabisa, rudini Unguja.

Nahodha Mstaafu (Mkoani):

Maalim, fundi amekueleza habari za chombo, nami niruhusu nikueleze habari za maji.

Kutoka Ras Nungwi hadi Mkoani ni kama maili za baharini 30, na omo yako, yaani mbele ya chombo, inaelekea kaskazini-mashariki. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi. Upepo utakujia nyuma ya bega na mkondo unapanda kaskazini pamoja nawe, kwa hiyo mtafika huku mkiwa mnacheka. Shida iko katika kurudi. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) maili 30 ni safari ya saa sita, lakini mkondo wa noti 2 unaoelekea kaskazini utakupunguzia kama noti 1.4 katika njia yako, na saa sita zitageuka kuwa zaidi ya nane, huku kusi likikubana mpaka chombo kinakwenda kwa ukingo wa tanga. Ukiondoka Mkoani baada ya kunywa chai kwa utulivu, jua litakuchwea kabla hujaiona taa ya Nungwi, na mafungu ya kule si ya kuyaingia gizani.

Disemba mambo yanapinduka. Kaskazi inatoka kule kule unakokwenda, kwa hiyo utapiga bisho njia nzima, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Chombo kinachoweza kukata nyuzi 45 na upepo kitatembea maili 42 ili kupata zile 30, na kinachokata nyuzi 60 kitatembea maili 60, tena hapo sijahesabu kuchukuliwa na maji upande wa demani, yaani unakokwenda upepo. Hapa ndipo mkuku mmoja mrefu unapolipa fedha zake, na ndipo Centaur itakapokutoa jasho. Nalisema hili mapema ili usije ukaniona kwamba nimekuficha.

Pamoja na hayo, mimi ningenunua Centaur. Huzama majini mita 0.91 tu, na mikuku yake miwili huiwezesha kukaa juu ya mchanga kama kuku aliyeatamia. Huku kwetu bamvua (siku za maji makuu) likikolea maji hupanda na kushuka takriban mita 4, na sehemu nyingi nzuri za kulala, ndani ya Fundo na katika ghuba za magharibi ya Pemba, ni mahali ambapo jioni una maji tele na usiku wa manane unasikia mkuku unagusa.

Mwaka mmoja nilikuwa karibu na Wete, na yoti ya mgeni mmoja yenye mkuku mmoja ilikuwa imetia nanga pasipofaa. Maji yalipopwa ilianza kulala ubavu, kidogo kidogo kama mzee anayesinzia, na wenyewe wakaona ni jambo la kuchekesha, wakapiga picha. Hakuna aliyekumbuka kufunga kidirisha cha upande wa chini. Maji yalipojaa tena, chombo hakikuinuka kwa haraka kama yalivyopanda maji, na bahari ikaingilia dirishani. Tulikesha tukikumba kwa ndoo na kwa upo wa mashua yangu, na ndani mnaelea mchele, mito na viatu vya mtoto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini yule mama hakulala tena katika ile yoti; mumewe alirudi nayo peke yake.

Fikiria hilo kwanza, kisha fikiria kikombe cha mashindano.

Binti Malindi:

Maalim, nimeshindana kama baharia wa kualikwa katika vyombo vya watu kwa miaka kadhaa, na ninaona kwamba neno la mbio limeachiwa J/24 bila ya kuulizwa.

J/24 ni chombo cha kushindana na wenzake. Raha yake ni kuwaona kumi waliofanana mstarini, tanga kwa tanga, na anayefika mwanzo ni aliyeusoma upepo vizuri zaidi. Maji ya hapa yana vyombo vya kila aina na havifanani, kwa hiyo mtashindana kwa muda uliosawazishwa. Katika mfumo wa Portsmouth, kwa mfano, kila aina ya chombo ina namba yake, na muda wako huzidishwa kwa 1,000 kisha ukagawanywa kwa namba hiyo. Chombo chenye namba 900 kikimaliza kwa dakika 90, huandikiwa dakika 100. Kizito chenye namba 1,100 kikifika baada ya dakika 108, watu wameshaanza kunywa soda, huandikiwa dakika 98 na kitu, na ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo Centaur haitakutia aibu kwa kuwa ni Centaur. Itakutia aibu ukiipeleka chafu.

Na uchafu katika bahari yetu si mchezo. Wiki chache tu nangani, hata juu ya rangi nzuri, utaona utelezi wa kijani, halafu vijiganda vigumu ambavyo ukipitisha kiganja vinakukata. Nilikuwa nikizamia siku moja kabla ya mashindano na kipande cha zulia kuukuu kwa ajili ya utelezi, na kijiti cha plastiki kwa ajili ya vijiganda, nikianza na usukani na mikuku, maana wengi husugua tumbo wakaisahau mikuku. Centaur ina mikuku miwili, kwa hiyo ni kazi mara mbili, na upande wa ndani wa kila mkuku huchosha mabega. Wape binamu zako.

Jambo jingine ni matanga. Jua letu huila nyuzi kabla ya upepo. Tanga lililoachwa bila ya kufunikwa hututumka tumbo katikati, na tanga lenye tumbo halipandi upepo hata chombo kiwe cha nani. Ningelikuwa mimi, ningepunguza bei ya chombo na kuweka fedha ya tanga kuu jipya.

Haki ya J/24 nayo niitoe. Vyombo vya urefu huu vina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake majini, na kwa mita 6.1 za J/24 ukomo huo ni kama noti 6. Ila upepo ukiwa mkali nyuma yake, J/24 kwa wepesi wake huweza kupanda juu ya maji na kuuvunja ukomo huo. Nilikuwamo siku moja baina ya Chumbe na mjini, kusi linapiga, spinaka (tanga kubwa la mbele la upepo wa nyuma) imejaa, na kana, yaani mpini wa usukani, inatetemeka mkononi mwa nahodha kama simu inayoita. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipoishusha spinaka. Centaur ya kilo 3,000 haitakupa siku hiyo hata moja, na binamu yako ana haki ya kuililia. Nanyi mkiichagua J/24 licha ya yote, masanduku ya pale mnapokaa nyuma yafungwe kwa komeo kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu chombo kikilala sana, hayo ndiyo milango ya maji.

Na mkeo ameulizia kitanda na chai. Hajauliza choo. Atauliza.

Mpenda Tanga (Unguja mjini):

Nawashukuru sana, fundi, nahodha na dada yangu Binti Malindi. Niliwasomea wote nyumbani baada ya sala ya isha. Mke wangu alicheka aliposikia la choo, kisha akaacha kucheka akauliza. Binamu yangu alisikiliza habari ya spinaka mara mbili, na la mchele unaoelea alilisikiliza akiwa ameinama.

Folkboat tumeiacha. Wiki ijayo tunakwenda Tanga kuiangalia Centaur, na tumekubaliana na binamu kwamba ikionekana mbovu ndipo tutapanda basi kwenda Mombasa. Nimebaki na swali moja. Mtoni, kama nilivyosema, pana mchanga na pana matope. Mkuku mmoja ukikaa juu ya mchanga mgumu na mwenzake ukazama matopeni, chombo si kitakaa upande? Na je, kinahitaji kutiwa gadi (miti ya kukiegemeza) kama mashua?

Fundi wa Faiba (Nungwi):

Gadi haihitaji, Maalim, hiyo ndiyo faida ya mikuku miwili. Swali lako la matope ni la haki, na jawabu lake linaanzia Tanga kabla ya kufika Mtoni. Chombo kilichokuwa kikikalia ardhi kwa miaka mingi, tena bila ya usawa, huonyesha maumivu yake pale mkuku unapoungana na tumbo. Ombeni kipandishwe juu, kwarueni rangi pahala hapo kwa upana wa vidole vitatu, mtazame kama pana ufa au michirizi ya kutu. Kisha ingieni ndani, muondoe mbao za sakafu, na mmoja wenu ausukume mkuku kwa nje kwa bega lake lote wakati mwenzake ametia mkono ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, juu ya boliti za mkuku. Boliti zisicheze hata unywele. Zikicheza, au mkiona faiba inapumua kuzunguka boliti, hiyo ni kazi ya miezi kwangu na ni fedha nyingi kwenu.

Kuhusu Mtoni, msiamini rangi ya ardhi. Nendeni siku ya bamvua, kama saa nne asubuhi maji yanapokuwa yamepwa kabisa, na mchukue pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Chomekeni kila hatua mbili katika eneo lenye upana wa mita kumi. Panapozama zaidi ya shubiri upande mmoja na upande wa pili pakagoma, hapo si pahala penu hata kama ni karibu na nyumbani. Mkipata mchanga ulio sawa, wekeni alama kwa kijiti, na boya lifungwe kwa uzito mkubwa na mnyororo mfupi, ili chombo kisizunguke mbali kikarudi kukaa matopeni.

Ikiwa mtakwenda siku ya Jumamosi, niarifuni. Pondo ninalo, na uzito wa zege wa kilo mia uliobaki katika kazi nyingine uko nyuma ya banda langu.